Kioo cha kona na riflekta: maswali tunayoulizwa sana hapa Tanga

Tanga ni mji wa baiskeli, na karibu kila baiskeli inayouzwa huja na riflekta nyekundu chini ya kiti. Watu wengi huiona ni pambo. Maswali haya yameletwa kibandani kwetu Ngamiani, tunakotengeneza vioo vya kona, na wapanda baiskeli, madereva wa guta, wavuvi wa Sahare na Deep Sea, walimu wa fizikia, na vijana wanaojifunza upimaji ardhi. Yaliyoulizwa sana yamejibiwa kwa urefu. Mengine sentensi mbili zinatosha.

Kioo kinachomrudishia mtu mwanga wake kina tofauti gani na kioo cha kujitazamia?

Kioo cha kawaida hutupa mwanga upande wa pili. Kimulike kwa tochi ukiwa kushoto, mwanga utakwenda kulia. Utakurudia wewe iwapo tu umesimama umekielekea sawasawa. Riflekta haifanyi hivyo. Imulike kutoka popote mbele yake, mwanga unageuka na kurudi ulikotoka, kwenye tochi ileile.

Ndiyo maana dereva anayetoka Segera usiku anaona riflekta ya baiskeli inawaka mbele yake, lakini muuza mahindi aliyekaa kando ya barabara haoni chochote. Mwanga ule ni wa dereva na unarudi kwa dereva. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana na jambo hilo moja.

Zipo aina ngapi?

Tatu kubwa. Ya kwanza ni kona: vioo vitatu bapa vinavyokutana kama kuta mbili na sakafu kwenye pembe ya chumba. Ya pili ni shanga ndogo za kioo, zile zilizomo kwenye rangi ya mistari ya barabara na kwenye tepu nyingi za kung'aa. Ya tatu ni lenzi yenye kioo nyuma yake. Lenzi inakusanya mwanga, kioo kinaurudisha kupitia lenzi ileile. Hippolyte Fizeau alitumia njia hii mwaka 1849 kule Ufaransa alipopima mwendo wa mwanga: aliupeleka mwanga umbali wa zaidi ya kilomita 8 kutoka Suresnes hadi Montmartre, na ukamrudia. Zile jicho-paka zinazopachikwa katikati ya barabara nazo ni za ukoo huo. Mwingereza Percy Shaw alizisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1934.

Kwa mtu anayetaka kutengeneza kwa mkono, chagua kona. Shanga na lenzi nunua.

Kwa nini vioo vitatu, siyo viwili?

Chukulia mwanga una safari tatu kwa wakati mmoja: kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini. Kila kioo kinageuza safari moja tu. Kioo cha sakafuni kinageuza kushuka kuwe kupanda, na viwili vya ukutani vinageuza zilizobaki. Zikigeuka zote tatu, mwanga hauna njia nyingine ila kurudi ulikotoka. Haijalishi umegonga kioo kipi kwanza.

Vioo viwili vilivyosimama kwa pembemraba vinageuza safari mbili tu. Mwanga unaokuja usawa wa macho utarudi, ila ukitoka juu kidogo utaendelea kushuka chini. Hata hivyo vioo viwili vina raha yake: jitazame kwenye kiungo chao, utajiona kama watu wanavyokuona. Ukiinua mkono wa kulia, yule wa kwenye kioo naye anainua wa kulia wake. Wanafunzi huishia kucheka, na somo haliwatoki tena.

Nataka kutengeneza kioo cha kona. Nianzie wapi?

Kwa fundi wa alumini na vioo, kwenye pipa lake la mabaki. Omba vipande vitatu vya mraba, sentimita 10 kwa 10, vyote kutoka kioo kimoja. Chagua kioo kinene kidogo, milimita 4 au 5, kwa sababu chembamba hujipinda kikigandishwa. Kabla hujalipa, kitazame kwa kukilaza: angalia humo taswira ya ukingo wa dirisha huku ukikisogeza polepole. Mstari wa dirisha ukicheza kama maji, kirudishe.

Sasa mgongo. Watu hukimbilia mbao kwa sababu ziko karibu. Mimi sishauri. Mbao hunywa unyevu wa masika na kuuachia wakati wa kaskazi, na pembe inahama bila wewe kujua. Tumia vipande vya kioo kinene au bamba la alumini.

Bandika kioo cha kwanza kikiwa kimelala. Simamisha cha pili juu ya ukingo wake, ukikiegemeza kwenye kitu chenye pembemraba ya uhakika. Skwea ya seremala iliyokwisha kuanguka mara nyingi si ya uhakika. Ipime kwanza kwa kuchora mstari, kuigeuza upande wa pili na kuchora tena palepale. Mistari ikiachana, skwea ni mbovu. Tumia silikoni, tena kwa madoadoa nyuma ya kioo, siyo kuipaka kote. Silikoni huchelewa kukauka, na hapo ndipo nafasi yako ya kurekebisha. Gundi inayoshika papo hapo haikupi nafasi hiyo.

Cha tatu ndicho kigumu, maana kinatakiwa kiwe sawa na viwili kwa pamoja.

Jambo moja huwatia watu wasiwasi bure: vioo kuacha mwanya kwenye viungo. Mwanya unapoteza mwanga kidogo tu. Mwelekeo wa kurudi unategemea pembe, hautegemei kugusana.

Kioo chochote kinafaa, au kuna maalumu?

Kioo cha nyumbani kimepakwa fedha au alumini kwa nyuma, kwa hiyo mwanga unapita kwenye kioo kwanza, unagonga mpako, unatoka. Kwa kazi ya darasani kinatosha. Kasoro yake ni msalaba mweusi kwenye viungo, pale ambapo mpako wa kioo kimoja haufiki kwenye mpako wa mwenzake, pamoja na taswira hafifu ya pili inayotoka kwenye uso wa mbele.

Kilicho bora ni kioo kilichopakwa mbele. Madukani hukioni, lakini kimo ndani ya mashine za fotokopi na skana zilizokufa, kwa vipande virefu vyembamba. Sahani za ndani ya diski kuu za kompyuta za zamani nazo zimenyooka sana na hung'aa vizuri. Ukipata kipande usikisugue. Mpako wa mbele unachubuka hata kwa kitambaa kikavu.

Kutofautisha ni rahisi. Gusa kioo kwa ncha ya kalamu. Ncha ikigusana na taswira yake, kimepakwa mbele. Ikibaki nafasi kati yake na taswira, kimepakwa nyuma. (Wapo wanaoniambia kipimo hiki hufichua kioo cha kuchungulia kwenye vyumba vya gesti. Hakifichui. Kinaonyesha mpako uko upande gani, basi.)

Na kwa hapa pwani ongeza hili: hewa ya chumvi hula mpako kuanzia kingo, ndiyo yale madoa meusi unayoyaona kwenye vioo vya zamani. Paka kingo rangi ya mafuta siku hiyohiyo kioo kilipokatwa.

Nitajuaje pembe zimekaa sawa bila vyombo vya maabara?

Jicho lako ndilo chombo. Fumba moja, tazama ndani ya kona kwa umbali wa mkono. Utaona jicho lililo wazi limekaa pale vioo vitatu vinapokutana, tena kichwa kikiwa chini miguu juu. Sogea kulia, sogea kushoto, inama: jicho haliondoki kwenye kona. Sasa itazame mboni. Kama ni duara moja safi, umefaulu. Ikikatika, ikirefuka au kuwa mbili kwenye mojawapo ya viungo, vioo viwili vya kiungo hicho havijakaa kwenye nyuzi 90. Sukuma polepole mpaka mboni iungane, kisha acha silikoni ikauke bila kuguswa.

Kwa njia hii mtu mwenye subira anafika kwenye kosa la sehemu ya kumi ya nyuzi. Skwea ya kawaida haikufikishi hapo.

Nyuzi moja ikikosea kuna ubaya gani?

Kosa la pembe kati ya vioo viwili hurudi maradufu kwenye mwanga. Ukikosea nyuzi 1, mwanga unarudi umepotoka nyuzi 2. Kwa umbali wa mita 100 hiyo ni karibu mita 3.5 kutoka ulipopaswa kufika. Dereva haoni kitu. Ukikosea sehemu ya kumi ya nyuzi, upotofu unashuka hadi sentimita 35 hivi kwa umbali uleule.

Basi cha barabarani kinapaswa kuwa kamili kabisa?

Hapana, na hapa ndipo walimu wengi wa fizikia huniuliza mara mbili. Taa za gari ziko chini, macho ya dereva yako juu yake. Kioo cha kona kilicho kamili kitairudishia taa mwanga wake, na macho ya dereva yatapata kidogo sana. Kwa hiyo viwanda vinavyotengeneza riflekta huacha kwa makusudi mwanga utawanyike kidogo kuzunguka taa, ili macho nayo yapate fungu. Riflekta hupimwa kiwandani kwa pembe ndogo kati ya taa na jicho, mara nyingi nyuzi 0.2 au 0.33.

Kutokana na hilo, dereva wa semitrela, ambaye amekaa juu sana ya taa zake, huiona riflekta yako hafifu kuliko dereva wa gari dogo aliye umbali uleule. Kwenye njia ya malori ya saruji ya Pongwe hilo si jambo dogo. Usidhani kwa kuwa bajaji imekuona, lori nalo limekuona.

Baiskeli yangu niiwekee nini?

Ununue, usitengeneze. Riflekta ya plastiki ya bei ndogo ina mamia ya kona ndogondogo zilizomwagwa kwenye kalibu kwa usahihi ambao mkono hauufikii. Nyekundu nyuma, nyeupe mbele, za njano kwenye spoki na pedeli. Usibadilishane rangi: nyekundu humwambia dereva kwamba anakuona kwa nyuma.

Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu baada ya ile ya nyuma, ningenunua za pedeli. Zinapanda na kushuka, na jicho la binadamu linatambua haraka mwendo wa miguu. Ndivyo ilivyo pia kwa mtembea kwa miguu: ukanda mwembamba wa tepu kwenye kifundo cha mguu humfanya atambulike kuwa mtu, wakati kizibao peke yake kinaweza kudhaniwa ni kibao. Watoto wanaotoka alfajiri kwenda shule, weka tepu kwenye mkoba na kwenye viatu.

Riflekta yangu ilikuwa inawaka, sasa imekufa. Nini kimetokea?

Mara nyingi ni maji au gundi. Kona za plastiki hazijapakwa fedha; zinarudisha mwanga kwa sababu nyuma yake kuna hewa. Mwanga ukitoka ndani ya plastiki na kukuta hewa kwa mlalo wa kutosha, hautoki, unageuzwa wote. Ondoa hewa hiyo, uweke maji, tope au gundi, na mwanga unapenya kwenda zake.

Hivyo riflekta iliyong'oka, ukiipaka gundi mgongo mzima na kuibandika kwenye madigadi, umeiua. Paka gundi kwenye ukingo tu. Ikiwa imepasuka na maji yameingia, tupa, nunua nyingine.

Tepu za dukani zinatofautiana sana bei. Nitaijuaje ya kweli?

Zipo tepu zinazong'aa kama karatasi ya chokoleti na hazirudishi chochote. Ukiwa dukani, omba wazime taa au sogea penye giza. Washa tochi ya simu, iweke pembeni mwa jicho, kwenye panja, utazame tepu kutoka hatua kadhaa. Ya kweli inawaka kwa ghafla. Sasa nyoosha mkono upeleke simu mbali na uso: ya kweli inafifia, ya bandia haibadiliki sana. Au piga picha kwa flashi, ambayo kwenye simu imekaa karibu kabisa na lenzi. Kwenye picha tepu ya kweli itaungua nyeupe.

Baada ya hapo tazama sura yake kwa karibu. Yenye shanga ina uso wa kijivu uliotulia, kama mchanga laini. Yenye kona ndogo huonyesha mchoro wa vyumba vidogovidogo chini ya uso; hii hurudisha mwanga mwingi zaidi na ndiyo unayoiona kwa vipande vyekundu na vyeupe ubavuni mwa matela. Ukiikata, ziba kingo kwa rangi safi au gundi kidogo, maana vyumba vilivyokatwa hunywa maji.

Tepu nyeupe hurudisha mwanga kuliko nyekundu. Haioshwi kwa petroli wala tina. Maji ya sabuni yanatosha. Vumbi la barabara ya udongo linaweza kuifanya kama haipo, kwa hiyo ifute kabla ya kiza.

Nikiwa na riflekta, taa ya nini?

Riflekta haina mwanga wake. Pikipiki isiyo na taa haitakuona, wala mpanda baiskeli mwenzako anayekuja gizani, wala gari linalotokea barabara ya pembeni huku taa zake zikielekea kwingine. Weka vyote viwili.

Wavuvi: baharini tuwe na kioo gani?

Hili lina majibu matatu tofauti, na wavuvi huyachanganya.

Usiku, kwa mtu aliyeanguka majini, kinachotakiwa ni tepu kwenye jaketi okozi, mabegani na kifuani, sehemu zinazobaki juu ya maji. Anayetafuta kwa kurunzi ataiona kabla hajaona kichwa. Pendelea tepu ya baharini. Ya kawaida hubanduka kwa chumvi.

Mchana, ukiwa umekwama na unataka kuita chombo cha mbali, riflekta haikusaidii hata kidogo. Ingerudisha mwanga kwa jua. Hapo unahitaji kioo bapa cha kawaida, hata CD, uelekeze mwako wa jua kwa chombo hicho.

La tatu ni rada, na ndilo ninalolipenda. Ngalawa, mashua na boti za faiba hazionekani vizuri kwenye rada, na meli zinazoingia bandari ya Tanga zinategemea rada usiku na wakati wa mvua. Kona ya vioo hufanya kazi kwa mawimbi ya rada vilevile, ila kioo chake ni bati. Mabamba matatu ya alumini yakipitana kwa pembemraba hutoa kona nane zinazotazama kila upande. Rada nyingi za meli hutumia mawimbi ya urefu wa sentimita 3 hivi, kwa hiyo kosa dogo la unyoofu, ambalo lingeharibu kioo cha mwanga, hapa halina madhara. Fundi bati mzuri anaweza kuitengeneza. Pembe tu asizifanyie mzaha: zikipotoka nyuzi mbili tatu, nguvu inashuka sana.

Ukubwa una faida kuliko watu wanavyodhani. Ukiongeza urefu wa upande mara mbili, mwangwi wa rada unaongezeka mara 16. Mabamba ya sentimita 10 ni mchezo. Nenda sentimita 30 au zaidi kama mlingoti unabeba. Ifunge juu kadiri uwezavyo, na kona moja itazame mbinguni sawasawa, mvua ikinyesha ituamishe maji. Ukiining'iniza kwa ncha yake, meli iliyo usawa wako inapata sehemu dhaifu.

Tunajifunza upimaji ardhi. Riflekta ya baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya prizimu?

Mashine ya kupimia umbali kwa mwanga inaweza kuipata, na hata kukupa namba. Usiiandike. Prizimu ya upimaji ni kona moja ya kioo kizito iliyosagwa kwa kosa la sekunde chache za nyuzi, na nyuzi moja ina sekunde 3,600. Zaidi ya hapo, mwanga huenda polepole ndani ya kioo, hivyo kila prizimu ina namba yake ya kusahihisha umbali. Ipo ya milimita 30 kutoa, ipo ya sifuri, zipo nyingine. Ukinunua iliyotumika, uliza namba hiyo, kisha hakiki kwa kupima umbali unaoujua kwa utepe. Namba isiyo yake itahamisha kila kipimo kwa sentimita kadhaa, na jirani wa kiwanja atakuja na mashahidi.

Naweza kutumia kioo cha kona kupikia kwa jua? Hapana. Kitalirudishia jua joto lake.

Na kwenye kona kali ya njia, ili nione gari linalokuja? Hapana tena. Hapo unataka kioo kilichobinuka kwa nje.

Naweza kukipima kwa leza? Usifanye hivyo ukiwa na macho karibu na leza. Kioo hiki kazi yake ni kuirudisha kwako. Tochi inatosha.

Ni kweli vioo vya kona vipo mwezini?

Ni kweli. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha huko mwaka 1969 kibao chenye kona 100 za kioo, kila moja ya upana wa sentimita 3.8. Apollo 14 iliongeza nyingine 100 mwaka 1971, na Apollo 15 ikapeleka 300 mwaka huohuo. Magari mawili ya Urusi ya Kisovieti, Lunokhod, nayo yalibeba vibao vilivyotengenezwa Ufaransa. Leza ikirushwa kutoka duniani hurudi baada ya sekunde mbili na nusu hivi, ikiwa dhaifu mno. Kwa vipimo hivyo tunajua kuwa mwezi unajitenga nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Kona za Apollo hazina betri, hazina waya, na bado zinatumika.

Macho ya paka na komba yanawaka kwa sababu hiyohiyo?

Ndiyo. Lenzi ya jicho inakusanya mwanga nyuma, ambako wanyama hawa wana utando unaong'aa. Mwanga unarudi kupitia lenzi ileile hadi kwa mwenye tochi. Sisi hatuna utando huo, tunaishia kuwa na macho mekundu kwenye picha za flashi.

Mnatengeneza kwa oda?

Vioo vya kona vya shule, ndiyo, pamoja na vya rada kwa ushirikiano na fundi bati. Vya shule vinakaa siku mbili mezani ili silikoni ikauke, usije jioni ukataka asubuhi. Kwa rada, njoo na urefu wa mlingoti na uzito ambao nahodha anakubali kuubeba juu. Riflekta za baiskeli na tepu zinapatikana maduka ya spea. Chukua simu yenye tochi unapokwenda.